Kiasi cha Jua Kinachofaa Miche ya Mzee Khalfani

Athumani Mrisho,
Mwandishi wa Barua na Maombi,
Tabora.

Kwa binti yangu mpendwa, Zena binti Athumani.

YAH: SWALI LA MZEE KHALFANI KUHUSU JUA, NA OMBI LA UAMUZI WAKO

Assalaam alaykum. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeketi barazani baada ya swala ya Alasiri, wakati wewe na mama yako mmekwenda kuwaaga jamaa zetu wa mtaa wa Ng'ambo. Madhumuni ya barua hii ni kukiri mbele yako kwamba nimeuzuia ujumbe ulioletwa kwako siku nne zilizopita, na kukuomba uamue ni jibu gani litolewe. Kwa kuwa basi la Mbeya, utakakobadilishia gari la Njombe, linaondoka kesho alfajiri, na kwa kuwa mimi husema vizuri zaidi kwa kalamu kuliko kwa mdomo, nimeona ni vema jambo hili nilifikishe kwako kwa maandishi.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kutoshuka ovyo Sikonge, wala za watu wa kule Mbeya watakaotaka kukubebea begi. Mama yako amezisema hizo tangu Jumatatu, na atazirudia kesho mpaka dereva apige honi.

Mleta ujumbe ni jirani yetu Mzee Khalfani, fundi seremala, ambaye kwa miaka kumi na mitatu nimekuwa nikimsalimia kwa sababu dini inaniamuru. Alikuja kwenye uzio siku uliyokwenda sokoni. Swali lake lilikuwa moja tu: miche michanga ya mtende wa baridi inahitaji jua kiasi gani? Alikuuliza wewe, si mimi. Alijua kwamba umelisomea jambo hilo chuoni, na kwamba Njombe unakwenda kulifanyia kazi. Nikamjibu kwamba nitakufikishia. Sikukufikishia. Na tangu siku hiyo, mwanangu, chai yangu ya asubuhi imekuwa na utamu ambao si wa sukari.

Ili uamue kwa haki, yakupasa kulijua shauri zima, na lazima nianze na sehemu zinazonidhuru mimi mwenyewe. Katika kazi yangu nimejifunza kwamba mlalamikaji anayeficha kosa lake huumbuliwa na swali la kwanza.

Unajua kwamba shule yangu iliishia darasa la saba. Usichokijua ni mahali nilipojifunza lugha hii ninayojivunia. Zamani kulikuwa na mama mmoja akiuza vitumbua karibu na stesheni, akivifungia katika karatasi za majalada ya zamani ya ofisi. Nilikuwa nikinunua vitumbua nisivyovihitaji ili nipate karatasi zake. "Rejea barua yako", "kwa mujibu wa", "naomba kuwasilisha": yote hayo niliyasoma yakiwa yamelowa mafuta. Kwa maneno hayo nimekulisha. Nimeyatumia kuandika maombi ya wafugaji wa Igunga na warina asali wa Sikonge, ya wajane na ya wastaafu wa reli. Nikajenga imani, ambayo ndiyo mzizi wa shauri hili, kwamba hakuna kitu ambacho mtu hawezi kukipata akikiomba kwa sentensi iliyonyooka.

Ulipokuwa na miaka tisa, baba yako mkubwa, Mungu amrehemu, aliyekuwa mtunza bustani kule nyanda za juu, alituletea kopo la mbegu nyeusi zenye umbo la figo. Alisema mtende huo shina lake lina manyoya, majani yake hufunguka kama kipepeo cha kuwashia jiko, na hauogopi hata ule umande unaoganda asubuhi. Zikaota sitini na nne. Unakumbuka tulivyozihesabu mimi na wewe, wewe ukihesabu kwa vidole na mimi kwa penseli. Nikaipanga miche katika viriba vya nailoni nyuma ya jiko, upande wa uzio wa Khalfani. Ulikuwapo mjohoro wake mkubwa, ambao ifikapo saa tano ulikuwa ukituletea kivuli na kutuachia vijitone vya mwanga hadi jioni. Asubuhi miche ilikuwa inaota jua la mashariki, mchana inapumzika chini ya mjohoro.

Miaka miwili ikapita, na miche haikuwa hata na urefu wa mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Ilikuwa na majani mawili matatu, membamba kama visu, yasiyotaka kufunguka. Leo najua, kwa kuwa wewe ulinifundisha, kwamba ndivyo mtende huo ulivyo: miaka ya kwanza hufanya kazi yake chini ya udongo, na mtu mwenye haraka huona umedumaa. Mimi nilikuwa mtu mwenye haraka. Kisha nilikuwa mtu wa Tabora. Kule Kwihara, na katika viwanja vya zamani vya mjini, nilikuwa nimeiona tangu utoto mitende ambayo wazee husema ilitokana na kokwa zilizotemwa na watu wa misafara waliokuwa wakipita na mizigo. Inasimama juani kutwa, haina mlezi, haina kivuli, nayo inaishi kuliko watu. Nikajiambia: mtende ni mtende. Hii yangu ina njaa ya jua, na mwizi wa jua lake ni mjohoro wa jirani.

Mama yako aliniambia, "Baba Zena, mti wa mwenzio una kosa gani? Si umwendee mkazungumze?"

Nikamjibu kwamba mambo ya haki hayazungumzwi, yanawasilishwa.

Nikaandika. Kurasa tatu. Nakala yake ninayo, na nikiisoma leo bado naona kwamba ni miongoni mwa kazi zangu bora, jambo ambalo linanitia uchungu zaidi. "Kwamba mti huo wa mjohoro umekuwa ukizuia, mchana kutwa na bila kibali, mwanga ambao Mwenyezi Mungu aliugawa kwa viumbe wote pasipo upendeleo." Mwenyekiti wetu wa mtaa, yule mama mwenye sauti ya kuitia watu mkutanoni, aliisoma yote kwa sauti ofisini kwake, na alipofika sentensi hiyo akanitazama juu ya miwani kwa heshima.

"Mzee Khalfani," akasema, "umesikia malalamiko ya jirani yako?"

"Nimesikia, Mwenyekiti. Yameandikwa vizuri."

"Una la kujibu?"

"Kwa hiyo anataka jua?"

"Anataka jua."

Khalfani akanigeukia. Nakuomba uyatie maneno yanayofuata moyoni, kwa maana ndiyo ushahidi wangu mkuu. Akaniuliza, "Hiyo miche yako ina umri gani, Bwana Mwandishi?"

"Miaka miwili," nikajibu, "na imedumaa kwa ajili yako."

Akanyamaza. Alinyamaza kwa muda wa mtu kumaliza kusoma Fatiha, akitazama kofia yake mapajani. Kisha akasema, "Basi nitaukata. Mimi ni nani nimnyime mtu jua la Mungu?"

Mtu asiyejua hawezi kuuliza swali lile. Babu yake alikuwa mtunza mitende ya Waarabu wa hapa. Khalfani amekua akiona machipukizi ya mtende yakizungushiwa majamvi mpaka yakomae. Alijua kwamba mche wa miaka miwili ukivuliwa kivuli ghafla utaungua. Alikuwa na sentensi moja ya kuniokoa, akaimeza. Akaenda nyumbani akanoa msumeno wake, akaukata mti wake mwenyewe kwa siku mbili, na mbao zake akatengenezea kitanda.

Ilikuwa mwezi wa kumi. Jua la Tabora la mwezi wa kumi halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyezaliwa chini yake. Siku ya kwanza nilisimama kati ya viriba vyangu nimefurahi kama mtu aliyeshinda rufaa. Siku ya pili majani yakapauka. Siku ya tatu yakawa meupe kama karatasi. Nikadhani ni kiu, nikayamwagia maji saa sita mchana, nikazidi kuyapika.

Hapa nafika mahali ambapo kalamu yangu huwa inasimama. Siku ya tatu hiyo wewe, mtoto wa miaka kumi na mmoja, ulichukua jamvi la mama yako ukaifunika safu iliyo karibu na ukuta wa jiko. Nikaliona. Nikalivuta jamvi, nikakuambia kwamba unaniharibia haki niliyoipigania. Ukasema, "Baba, inaungua." Nikasema jua haliui kitu kilichoumbwa kwa ajili ya jua, na ili ulijue hilo, nikakuamuru usimame pale pale kando ya viriba, juani, mpaka nikuruhusu. Ulisimama tangu adhana ya Adhuhuri. Nilikaa barazani nikiandika barua ya mtu, nikijifanya sikuoni. Baada ya muda nikakuuliza, kwa kejeli, kama umekufa. Ukanijibu, na hukuwa unalia:

"Baba, mimi nikichoka nitakimbia. Yenyewe haina miguu."

Mama yako ndiye aliyekuja akakushika mkono akakuingiza ndani, na hakuniambia neno kwa siku tatu. Asubuhi yake jamvi lilikuwa limerudi juu ya safu ile. Sikulivuta tena. Si kwa kuwa nilikuwa nimeelewa, bali kwa kuwa miche mingine yote ilikuwa imekwisha kufa na sikutaka kuiangalia. Ikabaki miche tisa. Hiyo tisa ndiyo mitende mirefu unayoiona leo, na watu wote wa mtaa wanajua kwamba niliiokoa mimi kwa jamvi, kwa sababu ndivyo nilivyowaambia. Hata katika barua ya kukuombea nafasi ya chuo niliandika kwamba mapenzi yako ya miche uliyarithi kwa baba aliyeilinda kwa mikono yake. Ulizisoma sentensi hizo kabla hujaitia barua kwenye bahasha. Uliniangalia, ukailamba bahasha, ukaifunga. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza kunyamaza kwako kulikuwa nini: huruma, au hesabu unayoitunza.

Mwanangu, hilo ndilo kosa langu. Sasa nisikilize juu ya la Khalfani, maana sijamsamehe, na sitaki barua hii ikudanganye kwamba nimemsamehe.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, tulikuwa watu saba barazani kwa muuza kahawa. Khalfani akaketi, akapokea kikombe chake, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Bwana Mwandishi, pole na msiba wa miche. Sasa si uandike nyingine? Safari hii umwombe Mungu kivuli."

Wakacheka mpaka muuza kahawa akaweka chini dele, birika lake la kahawa. Mmoja akauliza, "Na nakala umpelekee nani?" Mwingine akajibu, "Nakala kwa mawingu!" Tangu siku hiyo mimi si Athumani Mrisho. Mimi ni Bwana Jua. Vijana wa bodaboda ambao hawajui hata chanzo chake wananiita, "Bwana Jua, twende, au unasubiri kivuli?" Wateja wananiuliza kama barua zangu huwa zinaunguza. Nimeandika maombi ya watu mia kadhaa katika mji huu, na jina langu limebaki kuwa la ombi moja lililokubaliwa.

Nimeitunza hasira hiyo kwa nidhamu. Sikumtukana, sikumshitaki. Nilisubiri. Na mwaka huu, kwa njia ambayo siwezi kuiita bahati, mambo yakageuka.

Mtende wetu wa mwisho katika safu, ule ulioinamia uzio, ulizaa, na matunda yake yakaangukia upande wa Khalfani. Nimelichunguza suala hilo: kilichoanguka kwake ni chake. Akaziotesha mbegu. Zikaota arobaini. Na kwa kuwa alikuwa ameiona yangu ikiungua, akaamua kwamba yake haitalijua jua hata kwa jina. Akaijengea banda. Wewe umeliona banda lile, limenyooka kama sanduku la mahari, maana mikono yake bado ni ya fundi. Lina mabati juu, nyasi juu ya mabati, na mbao upande wa mashariki na wa magharibi. Ndani ni giza la stoo.

Nikahamisha kiti changu. Mama yako alidhani nafuata upepo. Nilikihamishia mahali ambapo mlango wa banda ukifunguliwa naiona miche. Na kila wiki nimeiona ikirefusha shingo kama watu wanaochungulia msafara unaopita, shina jembamba, majani ya rangi ya maji ya mchele, yakiegemea upande wa mlango ambako mwanga unapenya. Nilijua inachokitaka. Nilikuwa na sentensi moja ya kuiokoa. Nikaimeza, mwanangu, na ilikuwa tamu, na sikuona haya.

"Siku hizi unacheka peke yako," mama yako akaniambia.

"Nakumbuka mambo," nikasema.

Ndipo ikaja siku ya uzio. Khalfani sasa anatembea na mkongojo. Nikamwamkia kwa kuwa ni mkubwa kwangu.

"Shikamoo, Mzee Khalfani."

"Marahaba, Bwana Mwandishi. Zena yupo?"

"Ametoka. Ana safari, ana mengi ya kununua."

"Nasikia anakwenda Njombe. Mungu amfikishe. Nina swali kwake, la kitaalamu."

"Niambie, nitamfikishia."

Akaitazama mitende yetu. "Miche yangu inalala. Niliogopa jua kwa kile nilichokiona upande wako, sasa naona na giza nalo linaiua. Mwulize, inataka jua kiasi gani? Na kwa muda gani? Mimi nilizoea ya tende tu, hii ya baridi siijui."

"Una haraka nayo ya nini, Mzee?" Nilimwuliza kwa sauti ile ile ya upole aliyoitumia kwangu barazani. "Mtende ni wa kusubiri."

"Nataka kuipanda pale," akasema, na akanyoosha mkongojo kuelekea kisiki cha mjohoro. "Marehemu mke wangu, Bi Salma, alikuwa anakaa pale akisuka ukili wake. Ulipoondoka ule mti akahamia ndani. Miaka yake ya mwisho alisuka mikeka chumbani, macho yakawa yanamsumbua. Nataka pawe na kitu pale."

 Nilisubiri neno moja la samahani. Nilikuwa tayari kulipokea hata likiwa limeandikwa vibaya. Aligeuka kwenda, kisha akasimama na kusema, "Ile miche yako ya kwanza ilikuwa mizuri." Basi. Akaenda zake.

Nimelipima hilo kwa siku nne. Sio kuomba msamaha. Hakuna ofisi ingelipokea kama ombi la msamaha. Lakini limenilazimisha kuona jambo ambalo katika kurasa zangu tatu sikuliweka: kwamba mimi ndiye niliyeanza, kwamba nilimwondolea mke wake mahali pa kukaa kwa sababu ya kitu nisichokijua, na kwamba kunyamaza kwake siku ile ofisini kulikuwa ndiyo majibu pekee aliyokuwa nayo mtu asiyejua kuandika. Mimi nilimdhulumu kivuli. Yeye alinidhulumu miche hamsini na tano na jina langu. Nikiyaweka hayo mawili kwenye mizani, bado mkono wangu unasukuma upande wangu uwe mzito. Nakuambia hivyo ili ujue unashauriana na mtu wa namna gani.

Nimeandika majibu mawili, na yote yamo ndani ya bahasha hii.

Jibu la kwanza ni la kweli, na nimelitoa katika madaftari yako. Linasema kwamba miche ya mtende wa baridi, katika miaka yake miwili ya kwanza, ipate jua la asubuhi hadi kama saa nne, kisha kivuli chepesi kinachopenyeza karibu nusu ya mwanga mpaka jioni. Kwamba mtu anyooshe kiganja juu ya mche saa sita mchana: kivuli cha kiganja kikiwa na ukingo mkali, jua limezidi, kisipoonekana kabisa, giza limezidi, kikionekana kwa ukungu, hapo ndipo. Kwamba miche iliyokaa gizani kama hii isitolewe kwa mkupuo, wala isitolewe mwezi huu, bali aanze kwa kuondoa mbao za mashariki, iione asubuhi kwanza, kisha apunguze nyasi na kuondoa bati moja moja wiki kwa wiki, na mvua zikishika na mawingu yakiwapo ndipo aongeze. Kwamba mwaka wa tatu izoeshwe jua kamili polepole, na ikishakuwa na shina, hapo itasimama juani kama ile ya Kwihara.

Jibu la pili lina maneno matatu: "Itoe yote juani." Angalia jinsi lilivyojengwa, Zena. Katika maisha yangu nimeandika maombi mengi ya kweli na machache ya uongo, na sijawahi kuandika uongo uliokaa vizuri kama huu. Miche ina njaa ya jua, hilo ni kweli. Mwenyewe amekwisha kuona kwamba giza linaiua, kwa hiyo ataamini. Na sasa ni mwezi wa kumi. Kwa siku nne itapauka, itakuwa karatasi, na yeye ataimwagia maji mchana kama nilivyofanya. Nitakuwa nimekaa kwenye kiti changu. Hata sentensi ya kumwambia Ijumaa barazani ninayo, nimeinyoosha kwa miaka kumi na mitatu: "Mzee Khalfani, ukitaka kivuli, njoo nikuandikie barua." Nimeisema peke yangu mara nyingi kiasi kwamba naisikia watu wakiicheka.

Ningeweza kumpelekea jibu hilo bila kukushirikisha. Kesho ungekuwa njiani, na yeye angedhani ni lako. Nimeshindwa, na sababu yake si wema. Sababu ni kwamba lingetoka kwa jina lako. Jina langu limekwisha kuungua kwa jambo hili, na nilipokuwa nakunja karatasi niliona kwamba nilikuwa nataka kukusimamisha pale tena.

Iko pia sababu ya pili, ambayo ni ngumu zaidi kwangu kuiandika. Nikishikilia kwamba mtu aliyechomwa ana haki ya kuchoma, basi katika nyumba hii yuko mtu mwenye shauri kubwa kuliko langu. Alisimama juani tangu Adhuhuri kwa kosa la kusema kweli, kisha sifa ya kazi yake ikachukuliwa na aliyemsimamisha. Mtu huyo hajawahi kulalamika popote. Anaondoka kesho, na akitaka, anaweza kunyamaza akiwa Njombe kwa miaka kumi na mitatu, asinipigie simu wala asinijibu, nami sitakuwa na ofisi ya kupeleka rufaa. Sina maombi juu ya hilo. Nilitaka tu ujue kwamba nalijua, na kwamba lile jamvi lilikuwa lako.

Huko uendako jua ni la aina nyingine. Baba yako mkubwa alikuwa akisema kwamba Njombe miche hii hulitafuta jua, kwa sababu jua la kule halina ukali wa kwetu, na kivuli cha Tabora kingeigandisha huko. Sina la kukufundisha hapo. Ninachokijua ni kimoja, nacho nilikipata kwa hasara: nilipokuwa na uhakika kamili ndipo nilipokuwa sijamwuliza mtu yeyote. Nilikuwa na jirani mwenye elimu ya mitende hatua ishirini kutoka kwangu, na badala ya kumwuliza nilimwandikia.

Basi shauri liko mbele yako. Swali liliulizwa kwako, elimu ni yako, na katika watu watatu tuliohusika na jua lile ni wewe peke yako usiyekuwa na kosa. Usinifikirie mimi ninavyotaka, maana ninavyotaka nimekwisha kukuambia: nataka la pili. Nalitaka hata sasa ninapoandika, na nikisikia mlango wa banda lake ukifunguka naangalia. Lakini nitatekeleza utakaloamua, bila kuongeza neno wala kupunguza, na nitalipeleka mwenyewe kwa miguu yangu mpaka mlangoni kwake, nikisema limetoka kwako.

Kwa heshima, naomba uamuzi wako kabla hujapanda basi: nimpelekee Mzee Khalfani jibu la kwanza, jibu la pili, au niendelee kunyamaza?